Habari za Bibi Horniman na Nyumba ya Michezo ya Manchester

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzangu wameandika habari za mapadre wa kwanza, na ujenzi wa kanisa kuu, na shule, na hospitali. Na mimi nimepewa kazi ya kuandika habari za michezo ya kuigiza. Msomaji asistaajabu. Tangu zamani mitaa yetu imekuwa na michezo ya Noeli na ya Pasaka, na wengi wetu tulimwona Herode akipiga kelele kabla hatujaweza kulisoma jina lake. Lakini sikutaka kuandika orodha ya michezo iliyochezwa mtaa huu na mtaa ule, maana orodha hiyo ingekuwa fupi sana: ni michezo ileile mitatu minne, mwaka baada ya mwaka, na maneno yake yalitungwa na watu wengine, mahali pengine. Nalijiuliza ni kwa nini. Na nilipokuwa nikijiuliza nalikumbuka habari ya mji mmoja wa Uingereza uliokuwa na upungufu kama wetu, ukapata dawa yake kwa muda wa miaka kumi, kisha ukaipoteza. Hiyo ndiyo habari nitakayoisimulia.

Yafaa kwanza tukumbuke ya kuwa Kanisa si mgeni katika jambo hili. Katika miji ya kaskazini ya Uingereza, kama York na Chester, kwa muda wa miaka mia mbili hivi mafundi walikuwa wakiigiza habari za Biblia barabarani, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata Siku ya Hukumu, na kila chama cha mafundi kilikuwa na fungu lake. Huko York waunda merikebu waliigiza kutengenezwa kwa Safina, na waoka mikate waliigiza Karamu ya Mwisho, na wenye kufua pini na misumari waliigiza kusulibiwa kwake Bwana wetu. Nadhani hao hawakuhitaji kufunuliwa maana ya fungu lao. Michezo hiyo ilikoma katika karne ya 16, wakati wa magomvi ya dini. Huko York ilichezwa mara ya mwisho mwaka 1569, isifufuliwe kwa ukubwa wake hata mwaka 1951.

Katika karne zilizofuata kazi ya kutunga michezo ilivutwa karibu yote London. Reli zilipojengwa mambo yakazidi, maana vikundi vya wachezaji vilipanda gari la moshi pamoja na nguo zao na mapambo yao, vikazunguka mji hata mji, na watu wa miji mingine wakatazama michezo iliyotungwa na watu wa London kwa ajili ya watu wa London. Manchester ulikuwa mmojawapo wa miji hiyo. Sisi twaujua mji huo kwa nguo zake, maana kanga nyingi walizojifunga bibi zetu zilipigwa chapa huko, na pamba ya nchi nyingi za jua ilipelekwa ikasokotwe na kufumwa katika viwanda vya Lancashire, jimbo lake. Ulikuwa mji wa fedha na moshi na mvua. Watu wake walikuwa na usemi wao, na mizaha yao, na ukaidi wao. Walikuwa na gazeti lao, lililosomwa hata London. Walikuwa na wapiga muziki mashuhuri. Nyumba za michezo walikuwa nazo pia, tena zaidi ya moja. Walichokosa ni michezo yao wenyewe.

Mtu aliyeyabadili mambo hayo hakuwa mtu wa Manchester. Annie Horniman alizaliwa London mwaka 1860, katika ukoo wa wauza chai. Babu yake, John Horniman, alikuwa wa dhehebu la Quaker, akapata mali nyingi kwa kuuza chai iliyokwisha kufungwa katika pakiti, wakati ambapo wauzaji wengi waliipima kwa mizani, na wengine wakaichanganya na majani yasiyofaa. Watu wa ukoo ule waliiona michezo kuwa jambo la kupoteza roho, na yule binti aliutazama mchezo wake wa kwanza kwa siri, akipelekwa na mwalimu wake wa nyumbani. Alipokua alisafiri mara nyingi mpaka Ujerumani, akaona ya kuwa huko hata miji isiyo mikubwa ilikuwa na nyumba yake ya michezo, na wachezaji wa kudumu wenye mshahara, na fedha kutoka hazina ya mji au ya mtawala. Hilo hakulisahau.

Mwaka 1893 babu yake alikufa akamwachia urithi. Mwaka wa pili yake Bibi Horniman alitoa fedha ili michezo mipya ichezwe London, naye hakutaka jina lake litajwe. Mchezo wa kwanza ulianguka vibaya, hata watazamaji wakauzomea. Basi wakaweka mwingine mahali pake, wa Bernard Shaw, ambaye wakati ule alikuwa karibu hajulikani kama mtunzi wa michezo, na huo ndio uliomfanya ajulikane. Nimetaja jambo hili mapema kwa sababu mambo yake yote ya baadaye yamo humo: fedha ilipotea, mchezo mmoja ukafa, na mtu mmoja akapata mlango.

Msomaji asidhani ya kuwa nataka kumfanya mtakatifu. Alivuta sigara mbele za watu, jambo ambalo wanawake wa cheo chake hawakulifanya, na shingoni alining'iniza joka la fedha. Tena alikuwa mwanachama wa kundi la siri lililoshughulika na uganga na mambo ya nyota, akatafuta shauri katika karata kabla ya kuamua mambo makubwa. Mimi ni katekista, siwezi kulisifu hilo. Lakini historia haituulizi ni nani tungependa awe ametenda jema. Inatuambia tu nani alilitenda.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Dublin, katika Ayalandi. Palikuwa na washairi na watunzi waliotaka kuigiza habari za nchi yao kwa sauti ya nchi yao: W. B. Yeats, na Bibi Gregory, na J. M. Synge. Bibi Horniman akawapatia nyumba, iliyotengenezwa kwa kuunganisha ukumbi wa zamani na jengo la jirani lililokuwa mahali pa kuwekea maiti. Ikafunguliwa tarehe 27 Desemba 1904, siku mbili baada ya Noeli, ikaitwa Abbey. Kwa kuwa yeye hakukaa Ayalandi, hati ya serikali iliandikwa kwa jina la Bibi Gregory. Yeye alitoa fedha, wao wakatoa michezo. Lakini tangu mwanzo palikuwa na ufa, maana yeye alisema hataki siasa katika nyumba ile, na katika Ayalandi ya siku zile hata kukohoa kulikuwa siasa. Mwezi wa Mei 1910 Mfalme Edward wa Saba alikufa. Nyumba nyingine za michezo zilifungwa kwa maombolezo. Msimamizi wa Abbey, kijana aitwaye Lennox Robinson, alipeleka simu ya maandishi kwa Bibi Gregory kuuliza afanyeje. Jibu la kwamba afunge lilifika pazia limekwisha kuinuliwa. Bibi Horniman alikasirika, akaikata fedha yake.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Mtu aliyefungua mlango ndiye pia mwenye ufunguo wa kuufunga, na walio ndani, hata wakiwa na akili kama Yeats, hulala chini ya dari ya mwingine. Abbey ilikuwa imekwisha kupata nguvu za kusimama, kwa hiyo haikufa. Si kila nyumba ingekuwa hivyo.

Lakini kabla ya ugomvi huo kwisha, alikuwa amekwisha kuanza kazi nyingine, nayo ndiyo ninayoitaka hasa. Mwaka 1907 alikwenda Manchester pamoja na msimamizi wake, B. Iden Payne, aliyekuwa bado kijana, wakacheza majira yao ya kwanza katika ukumbi mdogo wa hoteli ya Midland. Mwaka 1908 akanunua nyumba iitwayo Gaiety, katika barabara ya Peter Street, kwa pauni 25,000, akaitengeneza upya. Alitangaza ya kuwa nyumba hiyo itacheza michezo mizuri ya zamani na ya sasa, ya nchi yo yote. Lakini mlango utakuwa wazi zaidi kwa watunzi walio hai, ikiwa wana neno la kusema na wanajua kulisema kwa namna yao wenyewe. Michezo ikaanza kuletwa kwa posta, mingi sana, na mingi mibaya, kama ilivyo desturi ya vitu viletwavyo kwa posta, ikasomwa.

Nataka kueleza taratibu za nyumba ile, maana ndizo zilizozaa matunda, na mtu akisikia habari za fedha peke yake hataelewa. Kwanza, wachezaji walikuwa kundi moja la kudumu. Hapakuwa na nyota mmoja ambaye wote humzunguka. Aliyekuwa mkubwa wa mchezo juma hili, juma lijalo aliweza kuwa mtumishi aletaye barua. Kwa hiyo mtunzi mpya hakuhitaji kumwandikia mtu mmoja mashuhuri maneno mengi ya kupendeza. Aliweza kuandika mchezo wa watu sita wenye uzito sawa, kama watu wa nyumba moja walivyo. Pili, mchezo haukuachwa uendelee miezi na miezi kwa sababu watu wanalipa. Ulibadilishwa upesi, na mwingine ukapewa nafasi, hata mchezo ulioanguka haukuiangusha nyumba nzima pamoja nao. Tatu, nalo kwangu ndilo la busara kuliko yote, kabla ya mchezo mrefu wa usiku ule mara nyingi ulichezwa mchezo mfupi wa nusu saa hivi. Watazamaji walikuwa wamekuja kwa ajili ya ule mrefu. Ule mfupi waliupata kama nyongeza. Hapo ndipo mwanagenzi alipopewa kipande chake cha ubao akirande. Akiharibu, hasara ni ndogo. Akifaulu, mwaka ujao ataulizwa kama ana mrefu.

Wachezaji wake walikuwa wazuri. Mmoja wao alikuwa Sybil Thorndike, binti wa padre mmoja wa kanisa kuu la Rochester. Huko Gaiety alimpata Lewis Casson, mchezaji mwenzake, wakaoana mwezi wa Desemba 1908. Casson alikuja kuwa msimamizi baada ya Payne kuondoka mwaka 1911. Huyo Sybil Thorndike baadaye akawa mmoja wa wachezaji wakuu wa Uingereza, akaishi hata mwaka 1976. Wapo katika kanisa wazazi wasemao ya kuwa binti wa nyumba ya padre hafai kusimama jukwaani. Mimi nawaambia wasome maisha yake.

Watunzi je, walitoka wapi? Walitoka katika ofisi za pamba. Stanley Houghton, aliyezaliwa mwaka 1881, alifanya kazi katika biashara ya nguo ya baba yake, akiandika usiku. Harold Brighouse, aliyezaliwa Eccles mwaka 1882, naye alitoka katika biashara ya nguo. Allan Monkhouse alikuwa mwandishi wa gazeti la Manchester Guardian. Hakuna hata mmoja aliyehamia London kwanza ili apate ruhusa ya kuwa mtunzi. Mchezo mfupi wa Brighouse wa mwanzo ulichezwa Gaiety mwaka 1909. Na mchezo mfupi wa Houghton, uitwao The Dear Departed, yaani Marehemu Mpendwa, ulichezwa mwaka 1908.

Huo naufahamu vema, maana tuliucheza tulipokuwa wanafunzi, na mimi nilikuwa yule mzee. Habari yake ni hii. Babu mmoja amelala kitandani, na binti yake akaaye naye anadhani amekufa. Basi mwanamke yule, kabla dada yake hajafika kwa kilio, anaihamisha meza ya kuandikia ya marehemu na saa yake, anaviteremsha chini kana kwamba ni vya nyumba yake tangu zamani, na mumewe amekwisha kuvaa sapatu mpya za babu. Dada anafika na mumewe, wote wamevaa nguo nyeusi. Wanakunywa chai, wanahuzunika kwa adabu, na katikati ya huzuni wanaanza kugawana. Ndipo mlango unafunguka na babu anaingia, maana hakufa. Alikuwa amelewa tu. Anaiona meza yake. Anazitambua sapatu zake. Anakaa, anakula, anawasikia mabinti wake wakishindana kumkataa na kisha, wakikumbuka wasia, wakishindana kumtaka. Mwisho anawaambia mambo matatu atakayoyafanya siku ya Jumatatu: atakwenda kwa mwanasheria kubadili wasia wake, atakwenda ofisi ya bima kulipa ada yake, kisha atakwenda kanisani kuoa.

Naliucheza mchezo huo mbele ya wazazi wetu, nao walikuwa wakulima ambao hawakupata kuiona Lancashire hata kwa picha. Nilipoingia mlangoni mama mmoja alipiga yowe. Tena niliposema ya kuwa nitabadili wasia, wazee wa nyuma walicheka kicheko ambacho sikukielewa wakati ule. Sasa nimehudhuria matanga mengi, nakielewa. Houghton hakuandika kwa ajili yetu. Aliandika juu ya nyumba moja ndogo katika mji mdogo wa wilaya yake, kwa maneno wanayoyasema watu wa huko, akataja hata namna ya chai na mahali pa meza. Na kwa sababu alikiangalia kitu kimoja karibu sana, kikaonekana kutoka mbali.

Mchezo wake mkubwa uliitwa Hindle Wakes. Hindle ni mji wa viwanda aliouwaza mwenyewe, na wakes ni juma la mapumziko ambalo viwanda vya Lancashire vilifungwa na wafanya kazi wakaenda baharini. Wachezaji wa Bibi Horniman waliucheza kwanza London, mwezi wa Juni 1912. Fanny, msichana mfumaji, amekwenda kwa siri kukaa siku mbili na Alan, mwana wa tajiri mwenye kiwanda. Rafiki aliyedhaniwa kuwa amefuatana naye akazama majini, na kwa msiba huo uwongo ukajulikana. Wazazi wa pande zote mbili wanakutana. Tajiri, ambaye zamani alifanya kazi pamoja na baba wa Fanny, anaamua kwa haki: mwanawe atavunja uchumba wake na binti wa mkubwa wa mji, atamwoa Fanny. Shauri limekwisha, mikono imeshikwa. Ndipo Fanny anasema ya kuwa hataki. Hampendi, na kwa kazi yake ya ufumaji anaweza kujilisha mwenyewe.

Makelele yalikuwa mengi magazetini. Afisa wa Mfalme aliyesoma kila mchezo mpya kabla ya kuchezwa, kwa sheria iliyodumu tangu mwaka 1737 hata mwaka 1968, aliuruhusu; lakini wahubiri na wazazi waliulaumu. Mimi nimefundisha darasa la ndoa kwa miaka mingi, na siwezi kusema ya kuwa siku mbili za Fanny zilikuwa jambo dogo. Dhambi ni dhambi, na Alan si mume wa mtu. Hata hivyo nikisoma mwisho wa mchezo ule najikuta nimeshindwa kukaa upande wa wale wazee. Walikwisha kuongea juu ya heshima, na fedha, na watu watasemaje, na mwana wa tajiri alikuwa amekwisha kuulizwa na kuonywa. Ila msichana hakuna aliyemwuliza. Na katika ibada yetu ya ndoa padre humwuliza bibi arusi, wazi, mbele za watu, kama anakubali. Haulizwi baba.

Najua nyumba moja ambapo walikaa vivi hivi. Mahari ilihesabiwa, siku ikawekwa, na binti alikuwa chumba cha pili akisikia. Nami nalikuwapo, nikiwa na kitabu cha majina mkononi, nikaliandika jina lake kwa tangazo la ndoa pasipo kumwuliza. Ndoa ile haikudumu. Laiti ningalikuwa nimeuona mchezo ule kabla ya siku ile! Sisemi ya kuwa mchezo hushinda mahubiri. Lakini katika mahubiri yangu yote juu ya ndoa sikupata kumweka mtu katika kile chumba cha pili.

Bibi Horniman hakuutunga mchezo ule, wala hakuna lazima ya kudhani ya kuwa alikubaliana na kila neno lake. Alichofanya ni kuwalipa wachezaji, na kuitunza nyumba, na kukubali kulaumiwa. Ni kazi isiyo na sifa nyingi. Chuo Kikuu cha Manchester kilimpa shahada ya heshima mwaka 1910, na hiyo ni haki.

Tena nyumba yake iliamsha nyingine: Liverpool walipata ya kwao mwaka 1911, na Birmingham mwaka 1913. Lakini Gaiety yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka. Houghton, alipofaulu, aliiacha ofisi ya baba yake akaenda Paris; akaugua safarini, akafa mwezi wa Desemba 1913, umri wake miaka 32. Wachezaji wazuri waliitwa London. Kundi lilisafiri sana kutafuta fedha, na nyumbani watu wakasema michezo ile ni ya huzuni, yote juu ya majiko na magomvi ya jamaa. Wengine wakapenda zaidi nyumba za nyimbo na mizaha, na picha za sinema zilizokuwa zikiingia. Kisha vita vya mwaka 1914 vikaja. Mwaka 1917 kundi lilivunjwa. Katika miaka ile kumi walikuwa wamecheza michezo zaidi ya 200, na kama nusu yake ilikuwa mipya. Miaka michache baadaye nyumba iliuzwa kwa watu wa sinema, maana mji wenye matajiri wengi namna ile haukuona faida ya kuishika. Na mwaka 1959 ikabomolewa. Bibi Horniman alikufa mwaka 1937.

Mchezo ujulikanao kuliko yote ya watunzi wale, Hobson's Choice wa Brighouse, ambao ni habari ya fundi viatu wa Salford na binti yake mkubwa anayemwoa mshona viatu wa baba yake, ulichezwa mara ya kwanza New York mwaka 1915. Gaiety ilimlea mtunzi wake, wala haikupata kuufungulia pazia. Nadhani hilo ni jambo la kawaida kwa walezi.

Huku kwetu mambo kama hayo yamekwisha kuonekana, tena katika shule ya misheni. Alliance High School, huko Kikuyu katika Kenya, iliyoanzishwa na misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, ilikuwa na desturi ya kuigiza michezo ya Shakespeare kwa Kiingereza. Lakini mwaka 1954 ulichezwa mchezo wa Kiswahili uliotungwa na mwanafunzi, Henry Kuria, uitwao Nakupenda Lakini, ukapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1957. Baada ya mmoja kuthubutu, wenzake wakafuata. Gerishon Ngugi akatunga Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi, na wengine wakatunga ya kwao. Hawakuwa na pauni 25,000. Walikuwa na ukumbi, na wenzao wa kuigiza, na mtu wa kuwaambia jaribuni.

Sasa nirudi kwa swali langu la kwanza, kwa nini mitaa yetu ina michezo mitatu minne. Nilidhani jibu lake ni ya kuwa hakuna watu wa kutunga. Lakini miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaa wangu alinijia baada ya Sala ya Jioni. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimeandika mchezo." Akanipa daftari la shule, kurasa kama ishirini kwa kalamu ya risasi. Nalisoma kurasa mbili nimesimama. Ulikuwa juu ya mzee wa kanisa mwenye sala ndefu sana, na mama yake mzazi aliyekuwa akilala njaa nyumba ya pili. Nikaogopa, maana wasikilizaji wangedhani wanamjua. Nikamwambia nitausoma vema nikipata nafasi, nikaliweka daftari chini ya vitabu vya nyimbo katika kabati la vestri, na huko lilikaa mvua mbili za masika. Yeye hakuuliza tena. Vijana wetu wana adabu, na adabu yao inatufichia mambo mengi.

Nilipokuwa nikisoma habari za Gaiety kwa ajili ya kitabu hiki nalikwenda nikalitoa. Panya walikuwa wamekula pembe moja. Nalimwita kijana, tukaandika tena maneno yaliyopotea, naye akaufupisha hata ukawa wa dakika ishirini. Nikaomba ruhusa ya padre, akaicheka hofu yangu, akatoa ruhusa. Noeli iliyopita ulichezwa kwanza, kabla ya ule wa Herode. Aliyeigiza mama mwenye njaa alikuwa msichana wa kwaya ambaye sikujua kuwa ana sauti nyingine zaidi ya ile ya kuimbia. Hapo alipokung'uta chungu kitupu watu walinyamaza hata nikasikia taa ya karabai ikivuma. Mzee mmoja aliondoka katikati, akaenda kusimama nje chini ya mwembe. Herode alipoanza, akarudi akakaa mahali pake.

Jumapili iliyofuata nalikuta madaftari mawili juu ya meza ya vestri. Moja halina jina. Nimekwisha kulisoma lile la kwanza, nalo halifai. Nimempa mwenyewe sababu zangu, naye amesema ataliandika upya. La pili nimefika katikati.